Sentimita Arobaini na Sita

Kiti kililetwa Jumanne saa nne asubuhi, kikiwa ndani ya boksi, na ofisi nzima ikaacha kazi kuja kukitazama. Dereva alikata utepe wa gundi kwa ufunguo wa gari. Mhudumu wa chai aliliomba boksi kabla hata halijafunguliwa. Kilikuwa kiti cheusi chenye magurudumu matano, egemeo lililotuna kidogo mahali pa kiuno, na mikono ya kupandisha na kushusha. Mkurugenzi wetu, tuliyemwita Tutaangalia kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila ombi, alikigusa kwa kidole kimoja akasema yeye anajali afya za wafanyakazi wake. Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, Mungu anisamehe.

Wa kwanza kukikalia alikuwa mdogo wangu. Nyumbani tunamwita Kisoda kwa ufupi wake. Alikuwa na wiki tatu tu pale, mpiga chapa, baada ya kukaa nyumbani miaka minne na cheti chake ndani ya bahasha. Nafasi hiyo nilimhangaikia mimi. Alipoketi, miguu ikaning'inia kama ya mtoto kwenye kiti cha kinyozi. Watu wakacheka, naye akacheka kuwazidi.

Sasa niseme mapema, maana najua mkisikia habari kama hii mnaanza kumtafuta mchawi. Msihangaike. Kiti kile hakikuagizwa kwa ajili ya Kisoda. Kiliagizwa kwa vipimo vya mwanamke aliyekuwa ameshazikwa, na aliyekiagiza ni mimi.

Tulimwita Mama Koma. Alipiga chapa pale miaka kumi na tisa, na barua yako ikipita mezani kwake bila koma mahali pa koma, ilirudi imejaa kalamu nyekundu. Mimi aliniita "karani", hakuwahi kuniita vingine. Alikuwa mrefu, wa miguu hasa, na miaka yote hiyo alikalia kiti cha mbao cha mezani, na mto uliokwisha kuwa bapa. Meza ilikuwa juu mno na kompyuta chini mno, kwa hiyo mabega yalipanda na shingo ikainama. Mgongo ulipoanza kumuuma, upande wa kushoto, alichomeka rula ya mbao kati ya kiuno na kiti, akawa anauambia mgongo wake taratibu, "Vumilia, ndugu yangu."

Aliomba kiti. Tutaangalia aliangalia miaka mitatu. Mwishowe akaletwa mtaalamu wa namna ya kukaa kazini, akampima Mama Koma kwa futi kamba mbele yetu sote. Alitufundisha kwamba nyayo zote mbili zilale sakafuni, magoti na viwiko vikunjwe kama pembe ya meza, ukingo wa juu wa kompyuta uwe sawa na macho, na kila nusu saa mtu ainuke ajinyooshe. Kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti la Mama Koma: sentimita arobaini na sita. Namba hiyo niliijaza mimi, kwa kuwa mimi ndiye karani wa stoo na kila kinachoagizwa kinapita mkononi mwangu. Mkurugenzi akatia saini. Fomu ikarudi kwangu niitume.

Sikuituma. Wiki hiyohiyo Mama Koma alinirudishia barua yenye makosa kumi na moja, na akayasoma moja moja mbele ya madereva. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Basi fomu yake nikaiweka chini kabisa ya droo. Nilitaka asubiri kidogo tu, ajue stoo ni ya nani. Kidogo ikawa mwezi, mwezi ukawa miezi minane. Kila aliponiuliza nilimjibu kwamba kiti kiko njiani, naye maskini aliniamini. Nilimsikia akiubembeleza mgongo wake: "Vumilia, ndugu yangu. Kinaletwa."

Mwezi wa tisa akapasuliwa uti wa mgongo, na hakuamka. Makaburini Tutaangalia alisoma hotuba ndefu juu ya mchango wa marehemu, na najua ingepita mikononi mwake ingerudi nyekundu yote. Mimi nilikuwa naogopa. Si mzimu nilioogopa. Niliogopa wakaguzi wasije wakaikuta ile fomu imetiwa saini, imelala. Siku ya pili baada ya mazishi nikaituma na vipimo vilevile. Ndivyo nilivyo, sitajipamba.

Haya, turudi kwenye Jumanne ile. Kisoda alivuta mkono ulio chini ya kiti, kikashuka, nyayo zake zikalala sakafuni vizuri. Asubuhi iliyofuata alikikuta kiko juu. Akakishusha. Kesho yake kiko juu. Akanitania kwamba dada yake amemletea kiti chenye kiburi. Akaitwa fundi, akakifungua, hakuona kasoro. Alikishusha hadi thelathini na tisa, akaufunga waya ule mkono wa chini ya kiti. Asubuhi waya ulikuwa umekunjwa vizuri juu ya meza, na fundi akapima upya huku akijikuna kichwa.

"Arobaini na sita kamili," akasema.

Nilimwambia viti vya siku hizi ni vibovu. Kisoda akapanga mafaili ya zamani chini ya miguu yake, akaacha kushindana nacho.

Wiki ya tatu hakulalamika tena, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Alisema kiti kinamkumbatia. Alisema akiketi anasahau kuinuka. Ile nusu saa ya mtaalamu ilipita, zikapita saa tatu, na Kisoda hajajinyoosha hata mara moja. Jioni alitembea ameshika kiuno, upande wa kushoto. Siku moja nikaona amechomeka rula ya mbao mgongoni. Nikamuuliza ameitoa wapi. Akasema aliikuta kwenye droo ya meza. Droo ile niliisafisha mwenyewe baada ya msiba, na haikubaki na kitu.

Kisha ikaja ile saa saba mchana. Watu wote walikuwa wametoka kwenda kula. Jua lilikuwa kali dirishani, na mtaani nje muuza magazeti alikuwa akigombana na mtu. Nilikwenda kumchukua Kisoda. Toka kwenye korido nikasikia anachapa kwa kasi ambayo hakuwa nayo. Nikasimama mlangoni. Mgongo wake ulikuwa wima. Viwiko pembe sawa. Macho yamefumba.

Alikuwa ananong'ona. Nikasogea.

"Vumilia, ndugu yangu. Kinaletwa."

Nikatazama chini. Mafaili yalikuwa yamesukumwa pembeni. Nyayo zake zote mbili zilikuwa zimelala sakafuni. Nikajiambia kiti kimeshuka. Lazima kimeshuka. Nilichukua futi kamba mezani, nikapiga goti, nikapima. Arobaini na sita.

Nyumbani jioni ile nilimtazama vizuri, na niliona aibu kwamba sikumtazama mapema. Suruali zake za kazini, ambazo siku zote fundi alizikunja ili zisiburute, zilikuwa zimefumuliwa pindo, na bado vifundo vya miguu vilikuwa nje. Mama alisema zimejikunyata kwa kufuliwa. Nikamsimamisha Kisoda kwenye fremu ya mlango, pale baba alipokuwa akituchora vimo mpaka tulipoacha kukua. Amepita mstari wake wa mwisho kwa vidole vinne. Mama akacheka, akasema mtoto bado anakua. Mtoto ana miaka ishirini na sita.

Kesho yake nilikisukuma kiti hadi stoo, nikafunga kufuli mbili. Nilidhani nimemwokoa. Kumbe kile kiti ndicho kilichokuwa kikimshikilia. Kiti kingine chochote hakukiweza, hata dakika moja. Kitanda nacho kilimuuma. Usiku na mchana alilia akiomba kiti chake, na neno "changu" alilitamka kwa sauti nzito isiyokuwa yake. Daktari alipoitazama picha ya mgongo aliniuliza, hivi huyu ameketi kazini miaka mingapi? Nikasema miezi miwili. Akaitazama tena. Akasema pingili zimelika kama za mtu aliyeinama miaka ishirini, na asipopasuliwa Alhamisi hatatembea tena. Akataja aina ya upasuaji. Ni uleule aliofanyiwa Mama Koma, asiamke.

Jumatano mchana niliketi kando ya kitanda chake. Pazia lilikuwa wazi. Mama alikuwa jikoni anaosha vyombo, nikisikia sahani zikigongana. Kisoda amelala chali, macho yamefumba, uso umekauka, na mimi namkumbuka akining'iniza miguu na kucheka kuliko wote. Nilimpenda mpaka nikaichukia nafsi yangu. Nikamnong'oneza kwamba kosa ni langu. Kwamba kulikuwa na fomu. Kwamba niliichelewesha, kidogo tu.

Mnaona? Hata pale. Hata pale nilisema kidogo tu.

"Miezi minane," akasema.

Sikuwa nimemwambia. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote duniani.

Akafumbua macho. Akaketi. Mtu ambaye siku nne hakugeuka bila kushikwa, aliketi wima, bila kuguna.

"Lete futi. Simama wima, karani."

Nilimpa ile futi kamba, ilikuwa bado mkobani mwangu, nikasimama. Nifanye nini? Mama alikuwa hatua kumi kutoka pale, na sikumwita. Alinipima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Arobaini na mbili, alisema. Akapima kiwiko. Akapima macho. Kisha akapima mabega yangu, kutoka hili hadi hili. Kisha kutoka utosini hadi kisiginoni, taratibu, kama fundi mwangalifu. Akaikunja futi, akanipa, akajilaza. Kabla sijafika mlangoni alikuwa anakoroma.

Alhamisi alfajiri aliamka mwenyewe kwenda kuoga. Alipovaa suruali, pindo lile alilolifumua likaburuta sakafuni, akamlalamikia mama, ni nani amezivuta nguo zake. Kwenye fremu ya mlango alirudi mstarini pake, hajapungua wala kuzidi. Daktari aliitazama picha mpya, akaitafuta ile ya zamani, hakuiona, akafuta upasuaji. Mama alipiga magoti akashukuru. Kisoda hakukumbuka kitu. Mimi nikaenda kazini.

Kufuli zote mbili zilikuwa zimefungwa kama nilivyoziacha. Kiti kilikuwa kwenye kona yake, kimefunikwa na turubai. Kilikuwa kimeshuka. Sikutaka kukipima, lakini nilikipima. Arobaini na mbili.

Nikavuta droo yangu. Chini kabisa, pale pale, palikuwa na fomu mpya.

Miezi imepita tangu siku ile. Kisoda amerudi kwenye kile kiti cha mbao alichoanzia kazi, miguu juu ya mafaili, na kila nusu saa anainuka, anajinyoosha, anamtania mhudumu wa chai. Mzima kabisa. Hilo nililitaka na nimelipata, sina deni la kumdai Mungu. Mimi siketi. Ninafanya kazi nimesimama kwenye kaunta ya stoo, kula nimesimama, hata haya nayaandika nimesimama, na watu wananiona mwenye maringo. Niliomba kuhamishwa. Mkurugenzi akasema tutaangalia. Tangu wiki iliyopita kiuno kinaniuma upande wa kushoto, na mtu aliyesimama mchana kutwa hashangai kuumwa kiuno. Hivyo ndivyo ninavyojiambia.

Fomu ninayo hapa mbele yangu. Nimeichana mara mbili, na mara mbili nimeikuta drooni ikiwa nzima. Imejazwa kwa kalamu nyekundu. Jina ni langu. Goti, kiwiko na macho vimeandikwa, kisha chini yake, mahali ambapo fomu ya kiti haina hata mstari, imeongezwa mistari miwili kwa rula: upana wa mabega, na urefu kutoka utosini hadi kisiginoni. Sehemu ya kifaa kinachoombwa imeachwa wazi. Kwenye maoni kuna maneno manne, "Vumilia, ndugu yangu. Kinaletwa," na koma iko mahali pake.

Tarehe ya kukabidhiwa imeandikwa miezi minane tangu Jumatano ile. Inatimia Jumatatu.