Matairi ya Watu Wawili

Jua lilikuwa linazama Fundi Redio alipoingia duka la nne.

Katika maduka matatu ya kwanza walimcheka. Hawakumcheka kwa ubaya. Walimcheka kama anavyochekwa mzee anayeulizia kitu kilichokwisha zama zake, na kicheko hicho alikizoea, maana maisha yake yote alitengeneza redio ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Mkononi alikuwa na karatasi aliyonakili namba za ubavuni mwa tairi: mbili nukta hamsini, kumi na saba. Begani alibeba kiroba chenye magurudumu mawili ya pikipiki yake ndogo, nyembamba, aliyoinunua mwaka aliooa.

"Mzee, saizi hii siku hizi hata baiskeli haivai," muuzaji mmoja alimwambia.

Pikipiki yenyewe ilikuwa imekaa juu ya matofali tangu mkewe afariki, mwaka wa pili sasa. Binti yao wa pekee aliolewa mbali, na tangu mazishi hakuwahi kuja. Alipiga simu akikumbuka. Juma lile Fundi Redio aligundua kwamba zimepita siku tatu hajatoa neno kinywani. Nyumba ilijaa sauti, ndiyo, lakini zote za watu wa redioni. Akajiambia, mzee, utakufa humu na watakujua kwa harufu. Tafuta matairi utoke.

Duka la nne lilikuwa mwisho wa mtaa, nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Ndani kulinuka mpira mpya, na chini ya mpira kulikuwa na harufu nyingine... kama nguo zilizofungiwa sandukuni kabla hazijakauka. Muuzaji alikuwa mtu wa makamo, mabega yamemlala, shingo imeingia kifuani.

"Karibu, ndugu yangu."

"Ahsante. Natafuta mbili nukta hamsini, kumi na saba. Jozi."

Muuzaji hakucheka. 

"Unaishi na nani?"

"Ndugu, nimekuja kununua tairi, sikuja kuposa."

"Tairi linachaguliwa kwa mzigo. La mtu mmoja mbali, la watu wawili mbali."

"Basi niko peke yangu."

"Peke yako kabisa?"

"Mimi na redio za watu."

Muuzaji akaingia nyuma, akarudi na jozi mbili. Ya kwanza ilikuwa mpya, inang'aa. Fundi Redio akachutama, akabonyeza kwa kucha ya kidole gumba, akapanua meno ya tairi na kuchungulia katikati yake. Nyufa. Ndogo ndogo kama mistari ya kiganja. Mpira uliozeekea dukani huo, ungempasukia njiani. Jozi ya pili ilikuwa imetumika kidogo. La mbele lilikuwa na mistari ya kunyooka, la nyuma meno mapana, ubavu mnene, na mpira wake laini kama ulitoka kiwandani jana.

"Haya yana nini?"

"Yamerudishwa."

"Kwa nini?"

"Wenyewe hawakuyaweza."

Fundi Redio akacheka, kicheko chake cha kwanza juma lile. Tairi la kutowezwa! Akayachagua hayo. Muuzaji akayavalisha kwenye rimu palepale, akiingiza vyuma vya kubandulia taratibu, na alipokuwa akijaza upepo alisogeza mdomo karibu na tairi la nyuma akanong'ona kitu. Maneno hayakusikika. Lakini ulikuwa mnong'ono wa mtu anayeaga.

Kesho yake jioni, Fundi Redio alifunga magurudumu, akasafisha plagi, akaweka mafuta. Pikipiki iliwaka kwa teke la tatu. Akaipanda, akaweka mguu mmoja chini, akangoja.

Alikuwa akingoja nini? Mazoea yana taabu. Miaka ishirini na minane alingoja hivyohivyo, mke akihangaika na kitasa cha mlango, na kila mara alimwambia maneno yaleyale. Yakamtoka.

"Panda, twende."

Akajicheka. Uzee huo.

Springi za nyuma zikabonyea.

Taratibu. Kama mtu anavyokaa akiogopa kumsumbua mwenzake.

Kisha mikono miwili ikatua mabegani mwake.

Hakupiga kelele. Hakugeuka. Harufu ile ya nguo mbichi za sandukuni ikamzunguka. Aliingiza gia, akaondoka. Barabara ilikuwa tupu, taa za nyumba zinaanza kuwaka moja moja, na mahali fulani baada ya daraja akagundua kwamba analia na hajui tangu saa ngapi.

"Ni wewe?" alinong'ona.

 Alisikia pumzi tu, nyuma ya sikio.

Ikawa ada. Kila jioni anawasha, anasema panda, springi zinabonyea. Huko njiani alimsimulia kila kitu: paa linalovuja, redio ya kasisi iliyomshinda, binti yao asiyekuja. Alirudi nyumbani koo limechoka kwa maneno, akalala kama mtoto.

Siku ya tisa mshona viatu wa pale kona alimsimamisha.

"Fundi! Hongera. Kimyakimya, eh?"

"Hongera ya nini?"

"Ya shemeji unayempakia kila jioni. Utamficha mpaka lini?"

Fundi Redio akashuka kwenye pikipiki. "Umemwona? Yukoje?"

Tabasamu la mshona viatu likafifia. Akaichomeka sindano yake kwenye soli ya kiatu, asiichomoe.

"Jana ulikuja kutoka kule juu, unanielekea. Nikamwona mgongo. Nikasema labda amegeuka anatazama nyuma. Ulipopita nami nikageuka, nimwone uso..." Akasita. "Nikaona mgongo tena."

 Mshona viatu alifunga kazi mapema siku ile, na tangu hapo alimsalimia Fundi Redio kwa mbali, kama mtu anayemkwepa mgonjwa.

Ukweli ni kwamba Fundi Redio hakuhitaji kuambiwa. Mkewe enzi zake alikaa upande, miguu pamoja, mkono mmoja kwenye mkanda wa mumewe. Hakumshika mabega hata siku moja, kwa kuwa mumewe alikuwa mwepesi kutekenyeka na walishawahi kuangukia mtaroni kwa sababu hiyo. Fundi Redio alijua jioni ileile ya kwanza kwamba si mkewe. Alijua, akajifanya hajui. Mwenye njaa haulizi nani kapika.

Ila mgeni alianza kushuka.

Kwanza zilikuwa nyayo nyuma yake, toka uani hadi mlangoni. Kisha hadi sebuleni. Halafu usiku mmoja mikono haikuondoka. Alikula ikiwa mabegani. Alishika chuma cha kulehemu kutengeneza redio, na uzito ukamsukuma kifua hadi mezani. Kila siku ukaongezeka. Alipojitazama kwenye kioo aliona mtu mmoja tu, lakini shati lilikuwa limekunjamana mabegani, makunyanzi kumi, yamepangika kama vidole.

Wiki ya tatu alifungua magurudumu, akaacha simu mezani ikiingia chaji, akaenda dukani kwa miguu asubuhi na mapema.

Hakumtambua muuzaji mara moja. Alikuwa amenyooka kama mlingoti.

"Nimeleta matairi yako."

Muuzaji akakitazama kiroba. Hakukigusa. "Wenzako watatu waliyarudisha kesho yake tu. Wewe ni wiki ya tatu. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia apande."

Muuzaji akakaa juu ya rundo la tyubu, taratibu.

"Kila mara nilimnong'oneza afuate matairi. Wao walimsikia, wakakimbia. Hakuna aliyemwambia neno hilo."

"Ni nani huyu?"

"Laiti ningejua. Nilimkuta amesimama kando ya barabara, jioni kama hizi. Nilikuwa nimetoka kumzika mama. Nikamwonea huruma, nikamwambia panda. Nimembeba miaka kumi na moja."

"Basi mchukue. Matairi haya hapa."

"Hayo ni mpira tu sasa, kaka. Hakai kwenye tairi. Anakaa kwa aliyemkaribisha." Akainamisha macho. "Nisamehe. Mgongo ulikuwa unavunjika."

"Wewe ulimtoaje?"

"Si mimi. Alitoka mwenyewe, alipoona mahali anapopapenda zaidi."

Fundi Redio alirudi kwa miguu, akipumzika kila baada ya nguzo tatu za umeme. Alifika nyumbani alasiri. Simu ilikuwa inaita.

"Baba! Tunakuja!" Alikuwa binti yake, na nyuma yake injini ya basi ikinguruma. "Mimi na mjukuu wako. Jioni tutakuwa kituoni."

Miaka miwili alikuwa akiiota sentensi hiyo.

"Msije."

"Baba?"

"Naumwa. Nyumba haifai. Shukeni hapo mlipo, mrudi."

 Sauti ya binti ikawa ndogo. "Mbona yule mama aliyepokea simu yako asubuhi ametukaribisha? Nilifurahi kweli, baba. Nikasema afadhali, ana mtu."

Mikono ilikuwa mabegani, imetulia tuli.

"Alisemaje?"

"Mambo ya kina mama tu. Aliniuliza mtoto namweka mbele au mgongoni."

Fundi Redio alitoka bila kufunga mlango. Kituo hakikuwa mbali, lakini kwa mzigo ule njia ilimla alasiri nzima na kumtoa jasho jingi. Alipepesuka, na watu aliopishana nao walidhani amelewa. Alipofika, basi lilikuwa limeshasimama, taa za ndani zinawaka, na binti yake anashuka na begi mkononi, mtoto amelala mgongoni ndani ya kanga. Alikuwa amenenepa kidogo. Alifanana na mama yake zaidi kuliko zamani.

"Baba, umekonda," alisema, na machozi yakamlengalenga.

Rudini. Neno lilikuwa tayari. Panda basi hilihili, mwanangu, rudi. Lakini binti alishamkumbatia, na yeye akamshika, akavuta harufu ya nywele zake, akasema moyoni, hesabu mpaka tano kisha umwambie. Akahesabu mpaka tano. Akarudia. Basi likaondoka.

Ndipo alipohisi.

Mabega yake yalikuwa mepesi.

"Twende, baba, giza linaingia." Binti akapiga hatua tatu, nne. Akasimama. Akajaribu kujinyoosha. "Hee! Hebu nisaidie. Huyu mtoto njia nzima alikuwa kama karatasi. Mbona amekuwa mzito hivi?"

Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi. Kanga mabegani mwa binti ilikuwa imekunjamana.

Fundi Redio hakungoja. Alimwondoa binti yake barabarani, akasimama nyuma yake, karibu, akachutama na kuupinda mgongo wake kama mtu anayembembeleza mtoto mkaidi. Harufu ya sandukuni ilikuwa hapo.

"Njoo," alinong'ona. "Mimi ndiye niliyekuita. Sina mtu mwingine, unajua. Hawa wanaondoka kesho, mimi nipo. Njoo kwangu. Panda."

"Baba, unaongea na nani?"

"Na mjukuu wangu."

"Amelala huyu."

Alingoja. Gari likapita, likawamulika, likaenda. Kisha uzito ukamrudia, polepole, ukakaa mahali pake.  Alishusha pumzi ndefu, karibu acheke.

"Haya, sasa afadhali," binti alisema, akimpandisha mtoto vizuri mgongoni. "Labda nilimfunga vibaya. Tangulia basi, baba, utuonyeshe njia."

Akatangulia. Alitembea hatua kumi, ishirini, akisikia viatu vya binti yake nyuma, kimoja kikianza kuburuzika, akisikia pumzi ile ya zamani sikioni. Alipofika chini ya taa ya barabarani alipeleka mkono wake begani, kuhakikisha.

Bega la kulia lilikuwa limeelemewa na mkono mmoja.

La kushoto lilikuwa tupu.