Aliyepandia Kwaluguru

Lori lilianza kuchemka hata kabla ya kufika nusu ya njia ya kwenda Korogwe. Mzee Semboja, dereva, aliliegesha kando ya barabara, akafungua boneti, na mvuke ukamrukia usoni.

"Gari lako lina kiu kuliko mimi siku ya Jumamosi," Matayo akamtania.

"Wewe ukinywa unaimba. Hili likinywa linatembea," Semboja akajibu bila kugeuka. "Nileteeni maji."

Ilikuwa yapata saa kumi na moja jioni. Hilaria, mke wa Matayo, alichukua debe akateremka bondeni, mahali wafugaji waliponyweshea ng'ombe. Binti yao wa miaka minane, Josefina, alibaki juu ya lori, katikati ya kitanda, masufuria na magunia. Kila walichokuwa nacho kilikuwa mle. Shamba la mkonge la upande wa Kwaluguru, walikoishi miaka tisa, lilikuwa limefungwa, na Matayo alikuwa amepata kazi ya ufundi wa mashine katika shamba jingine huko Pangani, pwani. Walipaswa kuondoka alfajiri. Lori likachelewa. Kisha gurudumu likapasuka, na la pili likafuata. Sasa maji.

Huko majini Hilaria alimkuta mfugaji mmoja wa makamo na ng'ombe wake kama ishirini. Ng'ombe walikuwa wamesimama mbali na maji, shingo zimekakamaa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akinywa.

"Yeyo," mfugaji akamwita, kama watu wake wanavyomwita mama. "Mtoe mtoto wako majini. Ng'ombe wanamwogopa."

Hilaria akatazama. Maji yalikuwa yametulia.

"Mtoto wangu yuko juu kwenye gari, baba."

"Yule wa kike nimemwona. Mimi nasema huyu wa kiume."

Akawapigia ng'ombe mluzi, akaondoka nao na kiu yao.

Hilaria alijaza debe, akajitwika, akaanza kupanda kilima. Nyuma yake akasikia kitu. Nyayo ndogo, zilizolowa, zikipiga mchanga.

Chap... chap... chap.

Hakugeuka. Wala si kwa hofu. Alikuwa akitabasamu, na machozi yanamtiririka.

Miezi saba kabla ya safari ile, familia hiyo ilikuwa ya watu wanne. Kasmiri, mtoto wa mwisho, alikuwa na miaka minne. Alishikwa na homa Jumatatu, na Alhamisi wakamzika nyuma ya kambi ya wafanyakazi. Alikuwa mtoto wa maswali. Alipenda hasa kuulizia bahari, kwa sababu mama yake alimwambia kuna maji yasiyo na ng'ambo, naye hakukubali. "Mama, sasa upande wa pili wanakaa wapi?"

Watu wa kambi za mkonge walitoka kila upande wa nchi, kila mmoja na mila za kwao, na kwa kuishi pamoja walikuwa wamepata mila moja ya wote. Mtu akihama na kuacha kaburi, lazima aage. Asubuhi ya safari, mama wa marehemu huenda na maji baridi, akayamwaga upande wa miguu, akasema mara tatu: "Sisi tunaondoka, haturudi. Wewe baki. Hapa ndipo kwako." Halii. Halegezi sauti. Akimaliza, anageuka na kwenda zake. Maneno ni makali, lakini wazee wa kambi walisema marehemu asiyeambiwa ukweli hapumziki.

Asubuhi ile Hilaria alimwambia Matayo, "Nenda kafunge mizigo, nitaaga mwenyewe." Alimwaga maji. Akafungua kinywa. Akatazama lile tuta fupi, fupi kuliko jembe, akafikiria majani yatakavyoota pale pasiwe na mtu wa kupalilia. Neno "baki" halikumtoka.

Akanong'ona, "Njoo, baba. Njoo tukaone bahari."

Hakumwambia mtu.

Lori lilikunywa, likawaka, likaondoka. Lakini halikuwa lori lile la mchana. Katika barabara tambarare lilikuwa likiguna kama linapanda mlima. Hilaria alikaa nyuma na Josefina. Matayo alikaa mbele na dereva.

Jua likashuka. Hewa juu ya lori ikaanza kunuka udongo uliotoka kuchimbuliwa, na ndani ya harufu ile ilikuwemo nyingine, nyepesi, ya mafuta ya nyonyo. Hilaria aliijua. Mikono yake mwenyewe ilimpaka Kasmiri mafuta yale, siku ya mwisho.

"Mama," Josefina akasema taratibu, "mwambie Kasmiri asogee. Ananibana."

Hilaria akageuka.

"Yuko wapi?"

"Huyu hapa. Ameingia kwenye kanga yangu. Anasema anasikia baridi." Mtoto akapiga miayo. "Na mimi sasa nasikia baridi, mama."

Hilaria akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi kama chuma cha asubuhi. Akamshika shavu. Baridi. Akamvuta kifuani, akamfunika kwa blanketi, akamsugua mgongo, na kadiri alivyomsugua ndivyo mtoto alivyozidi kupoa. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu.

"Josefina, usilale. Unanisikia? Usilale."

"Kasmiri ameanza kupata joto," Josefina akanong'ona, kama mtu anayetoa habari njema.

Wakati huohuo injini ilizima.

Mbele yao lilikuwa daraja la mto Pangani, ambao wenyeji huuita Ruvu, na ng'ambo yake, taa chache za Korogwe. Semboja alishuka. Hakufungua boneti. Alikuja nyuma ya lori akaweka mikono yake juu ya ubao, akanusa hewa.

"Mama Josefina," akasema kwa sauti ya chini. "Nimeendesha gari hili miaka kumi na moja. Uzito wake naujua kama naujua mwili wangu. Limebeba mtu ambaye mimi sikumpakia."

Hilaria akamkaza Josefina kifuani.

"Asubuhi uliaga?"

"Niliaga."

"Ulisemaje?"

Matayo naye alikuwa amefika. Alimtazama mkewe, akamtazama binti yake aliyelegea kifuani, na utani wote ukamtoka usoni. "Hilaria. Mzee anakuuliza. Ulisemaje?"

"Nilimwambia aje," Hilaria akasema. "Nisingeweza kumwacha peke yake, Matayo. Ana miaka minne."

Matayo akakaa chini barabarani.

Semboja alikuwa Mzigua wa palepale, na haya hakuyasikia leo kwa mara ya kwanza. Alizungumza bila ukali. "Si mtoto mbaya, mwanangu. Hana nia mbaya hata kidogo. Ila walio kule wanasikia baridi, na akipata mahali penye joto atakumbatia. Tukivuka mto naye, hutaweza kumrudisha. Na huyu wa kike hatafika Muheza."

"Nifanye nini?"

"Mteremshe. Mwambie yale ambayo hukumwambia asubuhi. Yote, na kwa ukweli."

Hilaria alimpa Matayo binti yao. Akashuka. Akanyoosha mkono wake gizani, mtupu, kama mama anayemteremsha mtoto garini.

Vidole vidogo vikaingia kwenye kiganja chake.

Baridi... Lakini vilikuwa vidole vyake. Hata kile kidole cha mwisho, kilichopinda tangu alipozaliwa, alikitambua.

Wakatembea pamoja mpaka mwanzo wa daraja, penye majani marefu. Maji ya Ruvu yalikuwa yakinguruma chini, mengi, mekundu ya mvua za milimani. Hilaria alipiga magoti. Hakuona kitu mbele yake, ila majani yaliyoinama kidogo, kama yameegemewa.

"Mama." Sauti ilikuwa ileile. "Hii ndiyo bahari?"

"Hapana, baba. Huu ni mto."

"Tunavuka?"

Maneno aliyajua. Sisi tunaondoka, haturudi. Wewe baki. Maneno ya kusemwa kwa pumzi moja. Nyuma yake alimsikia Matayo akiita, "Josefina, Josefina, fumbua macho," kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa mwanamume.

"Kasmiri," akasema. "Wewe baki hapa."

Vidole vikaminya mkono wake.

"Peke yangu?"

Na Hilaria, aliyekuwa amebakiza hatua moja tu, hakuiweza. Alizaa watoto wawili, akalea watoto wawili, na hapakuwa na mtu aliyemfundisha kumwambia mtoto neno lile.

"Kidogo tu," akasema. "Ningoje. Josefina anaumwa. Nikamlaze kwanza, akishalala, nitakuja kukuchukua."

Halafu, taratibu, kwa utiifu wa mtoto aliyelelewa vizuri, vidole vikaachia.

"Haya, mama."

Alipofika kwenye lori, Josefina alikuwa analia kwa sauti kubwa, mashavu yake yana joto. Injini iliwaka mara ya kwanza. Semboja alimwuliza, "Umemwambia?" Hilaria akajibu, "Nimemwambia." Wakavuka daraja, na lori likaenda jepesi kama tupu, kupita Korogwe, kupita Muheza, hadi harufu ya chumvi ikawapokea kabla ya mapambazuko.

Pangani waliishi vizuri. Matayo alisifiwa kazini. Josefina alianza shule, akanenepa, na safari ile hakuikumbuka hata kidogo. Hilaria hakwenda ufukweni. Watu walidhani anaogopa maji.

Mwezi wa tano ulipoandama tangu wahamie, Semboja alifika na shehena, akapita kuwasalimu. Hilaria alimwandalia chai na mihogo. Matayo alikuwa bado kazini. Mzee hakula. Alizungusha kikombe mkononi mpaka chai ikapoa.

"Mama Josefina, siku ile darajani. Ulimwambia yote?"

"Shikamoo yangu hujaitikia, mzee, unaniuliza hayo."

"Marahaba. Ulimwambia yote?"

Hilaria akainamisha kichwa.

"Nilijua," Semboja akasema. "Kila nikipita pale jua likizama, gari linazima. Na si mimi peke yangu, madereva wengine pia. Anakuja upande wa mlango. Hamdhuru mtu. Anaamkia kwanza, shikamoo, vizuri kabisa. Kisha anauliza swali lake, ukimjibu hujui, anarudi kwenye majani kungoja gari linalofuata."

"Anaulizaje?"

Semboja aliweka kikombe chini. Nje, watoto wa jirani walikuwa wakiitwa mmoja mmoja waingie ndani.

"Anauliza kama Josefina ameshalala."

Mzee alipoondoka, giza lilikuwa limeingia. Josefina alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka kando ya jiko, kope zinamwelemea, kama kila mtoto saa hizo. Hilaria akamwinua, akamkalisha mapajani, akamwosha uso kwa maji ya baridi.

"Mama, nina usingizi."

"Najua, mwanangu. Ngoja kidogo. Nikuhadithie hadithi."

Akamhadithia moja. Ilipokwisha akaanza ya pili. Kisha ya tatu.