Jiwe Lenye Uzi Mwekundu

Jua lilikuwa linazama nyuma ya misonobari Chinatsu alipopanda ngazi za hekalu, mwanawe Ritsu mgongoni, mawe mawili mfukoni. Mwaka juzi, baada ya kulilia mtoto muda mrefu, aliazima jiwe moja hapa siku ya sherehe ya uzazi. Desturi ni hiyo: unaazima moja, ukishajifungua unarudisha mawili.

Ngoma zilidunda. Wanaume walipita wamebeba mfano mkubwa wa ume wa mbao mabegani, na akina mama wakanyoosha mikono wauguse.

"Usiuguse tena, mkwe wangu," Tokie, mama mkwe wake, akacheka. "Utanizalia timu nzima ya mpira! Haya, karudishe mawe. Mimi napanga foleni ya peremende."

Nyuma ya hekalu palikuwa kimya. Kapu la mawe lilikuwa limejaa. Meupe... yote meupe.

Lake lilikuwa jeusi.

Mwaka juzi giza lilikuwa limeingia, naye alikuwa anaona haya. Aliokota lililogusa mkono wake kwanza, kando ya njia. Sasa ndipo alipouona uzi mwekundu uliolizunguka.

"Hilo si la hapa," sauti ikanong'ona.

Mwanamke kijana alisimama pale na kikombe cha uji mtamu wa mchele. Vazi lake refu la kimono lilinuka udongo wa mvua, na mvua haikuwa imenyesha.

"Ni la kule chini, kwenye mianzi. Tunapanga mawe kwa ajili ya watoto wetu waliokufa. Hilo nililipanga mimi."

Chinatsu akainama, akamnyooshea jiwe. "Nisamehe, dada. Sikujua."

Mwanamke hata hakulitazama.

"Umechoka wewe. Kunywa kwanza. Nipe nikushikie mtoto."

Mgongo ulikuwa ukimuuma tangu asubuhi, na huyu ndiye wa kwanza kuliona hilo. Akamfungua Ritsu, akampa.

Mwanamke alimfuta mtoto kamasi kwa kidole, taratibu, kama mtu aliyeingojea kazi hiyo miaka. Ritsu, ambaye hulilia kila mgeni, akacheka.

Uji ulikuwa baridi kama maji ya kisima.

"Niazime," mwanamke akanong'ona. "Nitakurudishia wawili."

Kikombe kikaanguka. Chinatsu akamnyakua mwanawe, akakimbia. Nyuma yake hakusikia hatua. Alisikia mawe tu, yakipangwa moja juu ya jingine.

Tak...

Tak...

"Nani kamvalisha mjukuu wangu hiki?" Tokie akauliza chini ya taa. Shingoni pa Ritsu palikuwa pamefungwa kitambaa chekundu kama ule uzi wa jiwe, kimepauka kwa jua na mvua. "We mwanangu, mbona unatetemeka hivyo?"

"Twende nyumbani, mama. Tafadhali."

Kiangazi kikapita salama. Chinatsu akaanza tena kulala usingizi. Kisha, asubuhi moja, kichefuchefu.

Daktari akapitisha kifaa chake tumboni, akatabasamu.

"Hongera, mama. Wako wawili."

Tokie akapiga makofi kwa furaha. Chinatsu hakumsikia. Alikuwa anamtazama Ritsu, pale kwenye kigari chake kando ya kitanda.

Mtoto alikuwa anacheka, ameunyooshea mlango uliofungwa mikono yote miwili, kama anayetaka kubebwa.