Sikumpigia Mtu, Lakini Kura Yangu Ilipigwa

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na moja. Nakaa Nizwa, nina mume, nina watoto wakubwa wenye maisha yao, na anayenikuta harusini nimejipamba huona kama sina nilichokosa. Lakini wasomaji wenzangu, tangu nimzike shoga yangu sijapata usingizi wa kweli... Nimekaa kimya muda mrefu. Leo nayasema, pengine yatamfaa mmoja wenu.

Nilizaliwa Unguja, nikaletwa Omani nikiwa mchanga. Nyumbani tulisema Kiswahili, na watoto wa mtaani walikicheka Kiarabu changu mpaka nikawa naogopa kufungua mdomo. Aliyekuwa akinitetea ni Zamzam, mtoto wa jirani, ambaye wazee wake nao walitoka Zanzibar. Tulisoma skuli moja, tukavaa nguo za kubadilishana. Na Mungu akapenda tuolewe nyumba moja! Mimi nikaolewa na Khalfan, yeye akaolewa na Said, mdogo wake Khalfan. Wenyewe hawakukijua Kiswahili, watu wa Nizwa asili. Sisi wawili tukawa na lugha yetu jikoni, tunacheka peke yetu, na mama mkwe ananung'unika kwamba tunamsengenya. Na wakati mwengine kweli tulikuwa tunamsengenya!

Furaha ile haikudumu. Said alikufa kwa ajali ya gari njia ya Bahla. Alimwacha Zamzam na binti mmoja, Raya, na nyumba yenye shamba la mitende nyuma yake.

Eda haijesha, ndugu yao mkubwa, Nasor, akaja na maneno. Ati Said alimuuzia ile nyumba na shamba lake kabla hajafa! Alimuuzia lini? Mbele ya nani? Jirani wawili walijua fika kwamba Said hakuuza kitu, kwa sababu wiki ile ile ya ajali walikuwa naye shambani akiwaonesha wapi atamjengea Raya chumba chake. Lakini Nasor ni mtu mkubwa, ana jamaa na ana maneno. Nani angejitia katika ugomvi wake?

Nilimuuliza mume wangu. Akanambia hayo ni mambo ya ndugu, nisiyatie mkono. Wazee wa suluhu wakawa wanawaita Zamzam na Nasor, wanasikiliza, wanaahirisha... Zamzam akawa anaishi katika nyumba yake mwenyewe kama mgeni.

Hapo ndipo ulipokuja uchaguzi wa baraza la manispaa. Na Nasor akasimama kugombea!

Picha yake ikabandikwa kila mahali, ametabasamu, kilemba kimekaa vizuri. Majlisi yake, ukumbi wa wageni, haikukauka kahawa wala halwa. Anawaambia watu atawatetea wanyonge. Wanyonge! Nilikuwa nikipita mbele ya ile picha nageuza uso.

Wagombea walikuwa kadhaa, lakini kila mtu alijua shindano ni la wawili. Na huyo wa pili, jamani, alikuwa nani? Kijana aliyesoma sana, mwenye kiburi. Siku moja sauti yake ikasambaa kwenye simu za watu, anawacheka wale waliotoka Zinjibar, yaani Zanzibar yetu, anasema wajifunze Kiarabu kwanza ndio waje kuomba barabara. Niliisikiliza sauti ile nikiwa nimesimama jikoni. Nilirudi kuwa mtoto yule yule anayechekwa mtaani. Nililia!

Sasa nikajiuliza, nimpigie nani? Anayekula mali ya yatima, au anayenidharau mimi na wazee wangu?

Zamzam alinijia alasiri moja kabla ya siku ya kupiga kura. Hakutaka hata kahawa.

"Shoga, nnakuomba," akanambia. "Mpigie yule mwengine."

"Yule aliyetutukana?"

"Akinitukana, usiku nitalala kwangu. Huyu wa nyumbani atanitoa. Wale jirani wamenambia watasema mbele ya wazee, lakini wanangoja. Nasor akikosa, watasema. Akipata, hawatofungua midomo."

Nilimwambia sitompigia mtu. Mmoja dhalimu, mmoja mwenye kiburi, wote wawili siwataki. Nikasema kwa kujisifu kabisa, "Mikono yangu itabaki safi."

Akanitazama... Bado nayaona macho yale. Akasema, "Safi kwa nani?" Akavuta buibui lake, akaondoka.

Nilikasirika. Niliona ananilazimisha nimpe kura yangu mtu anayetutemea mate. Usiku ule nikamwambia Khalfan, na yeye siku nyingi alikuwa akinisukuma nimpigie nduguye, kwamba simtaki Nasor wala mwenzake, kura yangu sitompa mtu. Akazima taa, akalala. Nikadhani amenielewa.

Huku kwetu kura hupigwa kwa simu. Unaigusisha kadi ya kitambulisho nyuma ya simu, simu inautazama uso wako, basi. Asubuhi ya siku ile nilikuwa nakanda unga wa maandazi, wajukuu wanakuja. Khalfan akaingia jikoni ameshika simu yangu. Akasema pana ujumbe umekuja, kitambulisho changu kinataka kuhuishwa, nitazame kidogo hapo. Nilicheka, nikamwambia uso wangu umejaa unga. Akacheka na yeye. Nikatazama. Akatoka.

Nimeishi na mtu yule tangu ujana wangu. Ningemshuku vipi?

Adhuhuri ilipopita, Raya akaja. Msichana wa chuo kikuu, mpole, mama yake mtupu. "Shikamoo, khala," akanambia, kama anavyoitwa mama mdogo huku, akakaa. Hakuniomba kitu. Alisema tu kwamba mama yake ameanza kufunga sahani zake magazetini, moja moja, na ukimuuliza hasemi anakwenda wapi.

Moyo wangu ukavunjika! Nilimwona Zamzam amekaa chini, anafunga zile sahani tulizozinunua pamoja. Kiburi changu kilikuwa cha nini? Tusi linauma, ndiyo, lakini limepata kumtoa nani kwake? Nikainuka. Nikamwambia Raya, "Lete simu yangu, mwanangu. Nampigia yule mwengine, tena mbele yako."

Kadi niliikuta mezani, nami huiweka mkobani. Sikujali. Nikaigusisha, nikaitazama simu. Raya alikuwa ameinama begani kwangu. Yakatoka maandishi ya Kiarabu, na yeye akayasoma kabla yangu:

"Umeshapiga kura. Ahsante kwa kushiriki."

Unga... uso... kicheko chake... yote yalinijia kwa mara moja.

"Khala," Raya akasema polepole, "kumbe ushapiga? Ulimpigia nani?"

Wasomaji wangu, neno moja tu lingetosha! Ningesema "Khalfan," yangekwisha. Lakini akilini niliona askari mlangoni, nikaona watoto wangu wanaitwa watoto wa mwizi wa kura. Nikasema, "Haya mambo ya simu, mwanangu..." wala sikumaliza. Raya akachukua mkoba wake, akaniaga kwa adabu ile ile, akaenda zake.

Khalfan aliporudi nilimrukia kwa maneno. Hakukana! Alivua kilemba, akakiweka kitini, akanambia, "Kura yenyewe ulisema huitaki. Umeitupa, mimi nimeiokota. Yule ni ndugu yangu." Nilipopiga kelele akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kama nataka baba wa watoto wangu afungwe, kituo cha polisi nakijua kilipo.

Sikwenda.

Nasor alishinda kwa tofauti ya kura chache. Najua kura yangu moja siyo iliyomkalisha pale. Lakini hilo huniambii ukaniliwaza, nimeshajiambia mwenyewe mara ngapi! Kwenye karamu yake, mbele ya wanawake, alinishukuru kwa jina: shemegi hakuniangusha. Kumbe Khalfan alishamwambia. Maneno yale yalimfikia Zamzam kabla sijafika nyumbani.

Na ikawa kama alivyosema. Jirani mmoja akawaambia wazee hakumbuki kitu, wa pili akasafiri. Wazee wakakata shauri, nyumba na shamba vikawa vya Nasor. Zamzam akaamua kwenda kwa kaka yake, mji wa Sur.

Siku ya kuhama nilikwenda. Gari ya mizigo ilisimama nje, na aliyekuwa akifunga kamba, mkinisadiki, ni Khalfan, amekuja kumsaidia mjane wa nduguye! Nilimshika Zamzam mkono. Nikamwambia kwa Kiswahili chetu, "Wallahi, sikumpigia."

"Simu imesema umepiga," akajibu. "Nasor kasema umepiga. Wewe wasema hukupiga. Basi nani kapiga?"

Nilimtazama Khalfan. Na yeye alinitazama, kamba mkononi. Hakuelewa tulichokisema, lakini alijua. Nikainamisha kichwa...

Zamzam aliutoa mkono wake mkononi mwangu. Hakuutoa kwa hasira. Aliutoa kama unavyomwachia mtoto aliyelala. Akapanda gari.

Nilimpigia simu, hakupokea. Kisha nikaacha, nikajiambia mambo yatapoa, safari moja nitakwenda Sur nitamweleza yote. Kila nikipanga, nikapata sababu. Sikukuu imekaribia, mgongo unauma, Khalfan hana nafasi. Sikujua kuwa ana maradhi. Hakumwambia mtu, hata binti yake alijua mwishoni.

Habari ilinifikia nikiwa saluni, nimepakwa hina mikono yote miwili, sina hata cha kushikia simu. Zamzam amekufa!

Tulikwenda Sur kwa njia ya Ibra. Khalfan anaendesha, mimi nyuma. Nyumba ya msiba imejaa. Nikamvuta Raya pembeni, nikayatoa yote: unga, kadi, simu, kitisho cha polisi. Nilitaraji atanipigia kelele, na ningeshukuru!

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama alikuwa akiniuliza kama umepiga simu. Hata alipokuwa hawezi kula aliuliza. Alikuwa akisema, najua pana neno, anaogopa kulisema." Akafuta macho. "Mie nimekusamehe, khala. Lakini siye mie uliyekuwa na deni naye."

Niseme nini baada ya hapo?

Bado naishi na Khalfan. Tunakula meza moja. Baadhi ya alasiri husikia mlango wa jikoni unasukumwa namna alivyokuwa akiusukuma Zamzam, kwa nyonga, mikono imeshika sahani, na nageuka nikiwa nishaanza kusema Kiswahili... Khalfan hunikuta nimesimama, huniuliza nasema na nani. Raya ameolewa hukohuko Sur. Hunijibu salamu kwa heshima zote, na heshima hiyo ndiyo inayoniua.

Ndugu zangu, sikuambieni mumpigie nani. Siku itakuja mtawatazama wagombea wote na moyo usitake hata mmoja. Msifanye kama nilivyofanya. Mimi niliuliza nani ananipendeza. Ningeuliza nani atalala nje huyu akipata. Na mkiamua kutompigia mtu, uamuzi huo uwe wenu, na kadi yenu iwe mikononi mwenu, maana kura unayoiona haina kazi, yupo mtu karibu yako anayeitamani.

Na wewe dada unayenyamaza ili nyumba isivunjike, nakuomba, nakuomba sana... Kama unalo neno la kumwambia mtu, nenda leo kamwambie, maadamu bado anauliza.