Sabufa Iliyotoka Nkoma

Haya yalimpata mdogo wangu Milembe, tumbo moja na mimi, hapa hapa Bariadi. Mimi ni mtu wa kanisa, shule niliishia la saba, kwa hiyo nitaeleza kama nilivyoona. Nisipoelewa nitasema sielewi. Nikizidisha, Mungu anisamehe.

Ilikuwa Jumamosi tulivu. Tulikaa uani tunachambua mchele, mimba ya Milembe imeingia mwezi wa nane. Mume wake Method, fundi redio, akaingia na pikipiki akitokea kwao Nkoma. Nyuma kafunga gogo la ngoma ya zamani, halina ngozi, jeusi kwa moshi.

"Mwadila, shemeji," akanisalimu Kisukuma.

"Mwadila. Umeacha ufundi, umekuwa mganga?"

"Shemeji Lucy bwana! Hii ni sabufa."

Milembe akacheka mpaka ungo ukamponyoka. "Sabufa gani hiyo? Si kinu cha bibi yako hicho!"

Wao walipanga chumba kimoja, mimi napanga cha jirani, ukuta mmoja. Mle ndani kuna kitanda, kochi, jiko nyuma ya pazia, basi. Method alikuwa anataka muziki wenye besi kabla mtoto hajaja, na Milembe alishamwambia: "Ukileta kabati la spika humu, mwanao atalala kwenye beseni." Ndiyo akakumbuka lile gogo. Mbao za siku hizi nyembamba, alisema, zinatetemeka na kuvujisha hewa kwenye viungo. Gogo la ngoma halina kiungo hata kimoja. Ni mti mzima uliochimbwa.

Ngoma yenyewe ilikuwa ya guku wake, babu mzaa baba, aliyekuwa manju wa kundi kubwa la wachezaji enzi zake. Alipokufa hakuacha mrithi wa kundi, ngoma ikafudikizwa kwenye ghala, mdomo chini. "Baba mdogo Mashimba kanipa bure," Method akasema.

Alichofanyiwa huko mpaka akapewa, hakusema.

Alilikata kwa msumeno likawa fupi, kimo cha ndoo. Ndani alikuta kitu cheusi kimegandamana, kina manyoya ya ng'ombe. "Lami tu hii," akasema, akakibandua kwa patasi na kukitupa chooni. Chini akapiga ubao mnene kwa gundi na skrubu. Juu akafunga spika ya inchi nane iliyotoka kwenye gari bovu. Ubavuni akatoboa tundu, akachomeka kipande cha bomba la maji ili sanduku lipumue. Ndani akajaza pamba ya shambani kwao, nyeupe, laini, isiyochambuliwa mbegu. Tulipotoka Misa kesho yake, akawasha.

Akaweka wimbo wa kwaya yetu. Huo naujua, ninauimba mwenyewe. Hauna ngoma, ni kinanda na sauti tu. Lakini ngoma ikasikika. Nzito, ya chini kabisa, inafika kifuani kabla ya masikioni. Nakiri mguu wangu ulikwenda. Nimetoka kupokea Komunyo, na mguu ukaenda.

"Dada, shika hapa," Milembe akaniambia.

Nikaweka mkono tumboni. Ngoma ikigonga, mtoto naye anagonga. Ikipumzika, anapumzika. Tukacheka wote. Method akasema mwanawe atakuwa fundi, akazima ili tule.

Mtoto akaendelea.

Siku zile Milembe akaanza kuchoka. Anaamka amechoka, kama aliyeshinda kwenye palizi. Mchana mmoja umeme ulikatika mtaa wote. Nilikuwa naanika nguo, nikasikia ukuta unanguruma. Nikaingia. Milembe kajilaza kwenye kochi, jasho linamtoka, kashika tumbo kwa mikono miwili. Spika inatetemeka. Waya wake ulikuwa umekunjwa juu ya gogo, haujachomekwa popote.

Nikampigia Method, akaja mbio. Akachukua ule waya, akauangalia. Akachana kipande cha pamba iliyobaki, akakisogeza kwenye mdomo wa bomba. Kikavutwa ndani. Akasogeza kingine. Nacho kikaenda.

"Shemeji," akanong'ona, "bomba la sabufa linatoa hewa na kuvuta. Kutoa na kuvuta."

"Sasa?"

"Hili linavuta tu."

Nikampeleka Milembe kliniki ya hospitali. Nesi aliitwa Gloria, mcheshi, anawatania akina mama wote. "Haya mama kijacho, tumsikilize bwana mkubwa." Akaweka tumboni kile kikombe kirefu cha kusikilizia mtoto, akatega sikio. Akasikiliza. Akahamisha. Akasikiliza tena. Utani ukaisha.

"Hapa mnakaa karibu na uwanja wa ngoma?" akauliza.

"Hapana."

Akanivuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini sana. "Dada, moyo nausikia. Lakini nyuma yake kuna watu. Wengi. Nasikia miguu."

Nilisali rozari njia nzima. Tulipofika nikamwambia Method, mbele ya mkewe: "Sema. Huko Nkoma ulifanya nini?"

Akakaa chini sakafuni. Akasema baba mdogo Mashimba alimuuliza kama anaichukua ngoma kwa kuirithi. Alimuuliza mara ya pili. Yeye akajibu ndiyo, maana aliona akisema anataka mbao tu atanyimwa. Mzee akachanganya unga wa mtama na maji, akamtemea kifuani, akalitaja jina la marehemu na majina ya wachezaji wake waliokufa. Method alisimama tu. Alitaka liishe apewe gogo.

"Nilijua ni mambo ya wazee," akasema. "Sikujua kama yanasikia."

Milembe hakumfokea. Aliuliza tu: "Na mwanangu?"

Tukapiga simu Nkoma. Baba mdogo akapokea, Method akamweleza yote.

"Kundi limeshaitwa," akasema. "Limekuja kwa manju wake. Wewe hukucheza. Wamemfuata atakayecheza."

"Nifanyeje, baba?"

"Toa hayo madude yako yote. Irudi hapa, mdomo chini. Kabla hajazaliwa. Akizaliwa wakiwa naye, si wenu."

Method akachukua bisibisi, gogo bado linanguruma mpaka ukutani. Skrubu ya kwanza ilipolegea, Milembe alipiga kelele. Ya pili, akaanguka magotini. Maji yakamwagika sakafuni.

"Acha!" nikamwambia Method.

"Asiache," Milembe akasema. Meno kayauma. "Toa."

Akatoa. Spika ikanyanyuka. Tukachungulia. Ile pamba ilikuwa imeshindiliwa ngumu kama mkeka. Imekuwa nyeusi. Imekanyagwa.

Ukuta ukanyamaza. Tumbo nalo likanyamaza.

"Dada," Milembe akasema. "Hachezi tena."

Tukagawana njia. Method akang'oa bomba, ubao na pamba yote, akafunga gogo kwenye pikipiki, akaelekea Nkoma bila hata viatu. Mimi nikamkimbiza Milembe hospitali kwa bajaji. Gloria ndiye aliyetupokea. Akatega sikio. Akawaita wenzake.

Walinitoa nje. Nilipiga magoti kwenye korido, watu wananiruka. Sikuomba maneno mazuri. Nilisema tu: Bwana, huyu usiwape.

Jua bado lilikuwa kali. Nikaitwa ndani. Mtoto katoka, wa kiume, amelala kwenye kitambaa, wa buluu. Wanamsugua mgongo. Kimya. Simu yangu ikaita, Method.

"Nimeifudikiza," akasema, anahema. "Sasa hivi. Iko chini."

Mtoto akalia.

Nililia mimi, akalia Milembe, hata Gloria akageukia ukutani. Tukamshukuru Mungu kwa sauti mpaka wagonjwa wa chumba cha pili wakaitikia Amina. Kisha Gloria akaanza kumfuta mtoto. Kichwa. Mikono. Tumbo. Alipofika miguuni akasimama.

"Dada Lucy, njoo uone."

Nyayo zake zilikuwa ngumu. Zimepasuka visigino vyote, mipasuko mirefu, kama za mzee aliyecheza pekupeku miaka mingi. Na ndani ya mipasuko kulikuwa na vumbi.

Tulimbatiza mapema, tukamwita Fredrick. Ana afya, ananyonya vizuri, anacheka na kila mtu. Hata kukaa bado hajui. Mimi ndiye ninayemwogesha jioni, namsugua nyayo kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu mpaka zitakate, namvisha soksi, namfunga kwa khanga kifuani kwa mama yake, walale.

Asubuhi tukivua zile soksi, tunakung'uta vumbi.