Springi za Mgonjwa

Fundi cherehani alifika dukani kwa Mama Spea jua likizama, akaegesha gari lake kuukuu mlangoni. Alifuata springi na shokapu. Shughuli ya kawaida kabisa kwa mwenye gari la zamani. Ila macho yalikuwa yamemvimba, maana mwezi wa nne sasa mwanaume yule alikuwa halali.

Kisa? Mkewe. Alipasuliwa tumbo, na nyuzi zikiwa bado mbichi fundi akampakia kumrudisha nyumbani. Shokapu zilikuwa zimekufa. Mwaka mzima mke alimsihi azibadilishe, na jibu lilikuwa moja tu: "Wiki ijayo." Basi siku ile kila tuta lilimrusha mama wa watu. Nyuzi zikafumuka ndani kwa ndani. Alfajiri hakuamka. Yeye, mshonaji wa nguo za watu, amemfumua mkewe kwa uzembe! Ndivyo alivyojiambia kila siku.

Na tangu mazishi, kila alipopita kwenye tuta, kiti cha abiria kiliguna.

Kiti kitupu.

"Polepole, mume wangu..."

Kisha harufu ya dawa ya kidonda ikajaa gari zima.

"Shikamoo, mama," alisema fundi akishuka mbele ya duka.

"Marahaba, mwanangu."

Mama Spea, mjane mwenye ovaroli iliyolowa grisi, alikuwa na kawaida yake. Hauzi springi kabla ya kupima kwa vidole pengo lililo kati ya tairi na madigadi. Upande wa dereva vikaingia vidole vinne. Akazunguka upande wa pili. Viwili.

"Mwambie mwenzio ashuke. Mimi napima gari tupu."

"Niko peke yangu, mama."

Mama Spea akachungulia dirishani. Akanusa... Akajifuta vidole taratibu, na sauti yake ikashuka.

"Unabeba watu wangapi?"

Fundi alikuwa amejiandaa kusema mmoja. Haki ya Mungu, alijiandaa. Mdomo ukamsaliti.

"Wawili."

"Mmoja mgonjwa?"

Akaitikia kwa kichwa, machozi yakimtiririka hadi kwenye ndevu.

Mama Spea alisukuma kando springi za rangi nyekundu. "Hizi ngumu wanazipenda vijana. Gari linasimama kama jogoo, lakini linamrusha mtu. Kwa mgonjwa chukua hizi laini, na shokapu zinazoendana nazo. Ukizichanganya na ngumu umefanya kazi bure." Akaonyesha magurudumu kwa kidole. "Na zile za zamani zinabaki hapa. Usije kunidai."

Kesho yake jioni gari lilikuwa tayari.

Tuta la kwanza. Gari likapanda, likashuka kwa upole.

Kimya.

La pili. Kimya. Kwenye la tatu akasikia pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. Kisha kitasa cha mlango... ka! Harufu ikakatika. Fundi akasimamisha gari, akashuka, akapima mwenyewe kwa vidole. Vinne huku. Vinne kule.

Angeshukuru, si ndiyo? Mimi na wewe tungeshukuru. Yeye alikaa chini pembeni mwa barabara akalia kama mtoto. Mguno ule ndiyo sauti pekee ya mkewe aliyokuwa amebaki nayo. Nyumba ilikuwa tupu siku nyingi, sasa na gari nalo tupu.

Akageuza gari kurudi dukani.

"Nirudishie zile za zamani, mama."

"Una wazimu? Unataka aumie tena?"

"Nataka nimsikie. Mara moja tu."

Mama Spea alimtazama sana. Na yeye alishamzika wa kwake, aliijua kiu ile. Labda ndiyo maana alikubali, jambo analojilaumu mpaka leo. "Nilikukataza," alinong'ona, akachukua jeki.

Usiku ulikuwa umekwenda sana fundi alipoondoka. Akalifuata tuta kubwa kuliko yote. Akaongeza mwendo, asikie vizuri. Mungu amsamehe.

Puu!

Vyuma vikalia. Upande wa abiria ukadidimia, kiti kikabonyea mbele ya macho yake. Harufu ya dawa ikarudi, safari hii imechanganyika na udongo mbichi.

"Mke wangu," alinong'ona. "Ni wewe?"

Kiti kikaguna.

Kisha sauti, ile ile, ikilia kwa kwikwi:

"Nilishafika, mume wangu. Nilishapokelewa. Kwa nini umenirudisha?"

Fundi akasimamisha gari. Akashuka akijishikilia kwenye bodi la gari, akazunguka, akamfungulia mlango mpaka mwisho.

"Nenda," alisema. "Nisamehe. Nenda."

Alisubiri pale hadi kulipopambazuka. Mlango ulikuwa wazi, lakini kiti kilibaki kimebonyea.