Alhamisi Aliyofunga Mama

Kila kulipopambazuka Mwabungo, kazi ya kwanza ya Twaiba haikuwa kupiga mswaki wala kutafuta daftari. Ilikuwa kuhesabu vichwa. Wadogo zake watano walilala kwenye mkeka mmoja, na hakukosekana mmoja aliyebingirika usiku kucha hadi akafika chini ya meza. Twaiba aliwaamsha, akawanawisha nyuso, akamfunga Esha vifungo vya sare, kisha akagawa uji. Watoto walikuwa sita na vikombe vilikuwa vinne. Twaiba alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, yuko gredi ya sita, na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, uji wake aliuzoea ukiwa umepoa.

Baba yao, Swabir, alikuwa fundi wa makuti. Alitoka alfajiri kwenda Galu kuezeka mapaa ya hoteli. Mama yao, Fauzia, alikaanga viazi vya karai na kuviuza mbele ya nyumba. Na katika chumba cha uani aliishi Bibi Mwanarusi, mama yake Baba. Huyo alikuwa na moyo mweupe kama tui, lakini ulimi wake haukujua kupumzika. Aliwapenda wajukuu zake wote sita. Hata hivyo, kulikuwa na jambo moja lililomkereketa mchana na usiku, nalo ni jina.

Mume wake, marehemu Mzee Boga, alifariki mwaka mmoja kabla ya Twaiba kuzaliwa. Kwa desturi yao, jina la babu haliachwi likapotea. Hupewa mjukuu wa kiume. Basi alizaliwa Twaiba, akazaliwa Esha, wakafuata wengine watatu, na mwisho akaja Mishi, ambaye sasa alikuwa na miezi tisa. Wote wasichana!

"Boga bado yuko njiani," Bibi alikuwa akisema, na macho yake hutua tumboni mwa Fauzia kabla hayajafika usoni.

Zamani Mama alikuwa akicheka. Siku hizi hakucheka tena.

Jumatatu ya wiki hiyo Twaiba hakwenda shule. Ilikuwa siku ya kliniki, na siku za kliniki yeye ndiye aliyembeba Mishi, kwa sababu Mama alikuwa akitembea hatua ishirini anasimama kuvuta pumzi. Walipofika, muuguzi aliyeitwa Jemima alimpima Mama damu, akaitazama karatasi, akamtazama Mama, kisha akaitazama karatasi tena.

"Mama Twaiba, damu yako ni sita. Inatakiwa izidi kumi na moja," alisema. "Ulipomzaa huyu mdogo, ulivuja damu nusura tukupoteze. Ukishika mimba nyingine, mwili wako hautahimili."

"Hata moja tu, sista? Ya mwisho?" Mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hata hiyo moja."

Mama alimtazama Mishi. Kisha akasema, "Basi nataka kufunga. Kufunga kizazi kabisa."

"Hilo halifanywi kwa pupa," Jemima alimjibu kwa upole. "Kwanza damu ipande. Njoo Alhamisi saa nne, daktari atakuwapo. Mje wawili, wewe na mumeo. Zipo njia nyingi, mtaelezwa zote ndipo mchague. Na vidonge hivi vya kuongeza damu, umeze kila siku baada ya kula. Usiache hata siku moja."

Walipokuwa wakirudi, Mama alisimama kando ya njia akamshika Twaiba bega.

"Haya uliyoyasikia yazike. Bibi yako akiyajua, na baba yako atayajua jioni hiyohiyo, na mimi sina nguvu za kugombana na mtu. Niapie, mwanangu."

Twaiba akaapa. Alitaka sana kuuliza, "Na ukifa?" lakini akamweka Mishi sawa mgongoni, wakaendelea na safari.

Lakini nyumba yenye watoto sita haina siri. Siku iliyofuata Esha, mwenye miaka minane na masikio ya paka, alimsikia Mama akizungumza na dada yake kwa simu: "Alhamisi nakwenda. Nataka kufunga, nimechoka." Esha hakungoja kusikia zaidi. Alitoka mbio hadi uani.

"Bibi! Bibi! Mama atafunga Alhamisi!"

Kiswahili chetu kina mambo yake. Tunafunga mlango, tunafunga mizigo, tunafunga mabao, tunafunga saumu. Bibi Mwanarusi, ambaye tangu ujana wake hakuiachia Jumatatu wala Alhamisi ipite bila saumu ya sunna, alielewa alivyoelewa.

"Mashaallah!" alisema, akapiga makofi. "Mkaza mwanangu anafunga amwombe Mola ampe mtoto wa kiume! Twaiba, hebu njoo hapa. Ni kweli mama yako atafunga Alhamisi?"

Twaiba alisimama na ndoo mkononi. Kwa upande mmoja alikuwa na kiapo, kwa upande mwingine macho ya Bibi yaliyojaa furaha. Mara akaona upenyo.

"Ndiyo, Bibi," alijibu. "Atafunga."

Sijasema uongo, alijiambia. Si kweli kwamba atafunga? Alijiona mwerevu kuliko watoto wote wa gredi ya sita. Alipomsimulia Mama, Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu kicheko kikakatika ghafla.

"Sasa itanibidi nifunge kweli," alisema.

Baba alipoambiwa, aliuliza kama mama anayenyonyesha anapaswa kufunga. Bibi alimjibu kwamba Mishi ameshaanza kula uji, na kwamba mambo ya wanawake awaachie wanawake. Baba akaenda kuoga.

Alhamisi ilifika. Bibi alikuwa amempikia Mama daku kwa mkono wake mwenyewe, na Mama alimeza matonge mawili tu. Tangu hapo hakutia kitu kinywani. Kulipokucha, Bibi alileta kigoda chake akakaa mlangoni, akaanza kumenya muhogo wa futari.

"Leo sendi popote," alisema. "Nitakaa nawe, mwanangu, siku isikuchoshe."

Mama alimtazama Twaiba, Twaiba akamtazama Mama. Vidonge vya damu vilikuwa ndani ya kopo la majani ya chai, lakini Mama atavimeza na nini mbele ya mkwewe, naye amefunga? Atatokaje kwenda kliniki? Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Jua likawa kali. Mama alifua nguo za watoto huku akimngoja Bibi asimame walau akachukue wudhu, lakini Bibi alikuwa na muhogo mwingi na hadithi nyingi zaidi. Twaiba, ambaye siku hiyo pia hakwenda shule, alimbeba Mishi akizunguka ua, na Esha, aliyekataa kwenda shule peke yake, alicheza na wadogo. Kila alipomtupia Mama jicho, aliona midomo yake ikizidi kupauka.

Saa nne ilipokaribia, Mama aliinuka na ndoo. "Naenda..." alisema. Hakumaliza. Ndoo ilimtoka mkononi, magoti yakakunjika, akaanguka ubavu juu ya maji ya sabuni.

"Yarabi! Saumu imemzidi!" Bibi alitupa kisu akamkimbilia. "Esha, lete maji ya sukari! Mgonjwa hana saumu, Mungu atamsamehe."

Walimvuta kivulini. Bibi alimtia maji mdomoni kijiko kwa kijiko. Mengi yalimwagika shavuni. Viganja vya Mama vilikuwa vyeupe kama ule muhogo uliomenywa. Alifumbua macho, akayafumba tena.

"Ni njaa na jua tu," Bibi alisema huku akimpepea kwa kipepeo cha ukindu. "Tumwache alale mpaka adhuhuri. Atazinduka."

Twaiba alisimama palepale na Mishi mgongoni. Mpaka adhuhuri! Alikumbuka uso wa muuguzi ulivyoitazama ile karatasi mara mbili. Alikumbuka pia kiapo chake, na jinsi Mama alivyomshika bega. Akisema, atakuwa amevunja kiapo na kuwasha moto nyumbani. Na asiposema? Pumzi za Mama zilikuwa fupi fupi, za haraka.

"Bibi," alisema, "mama hakutaka kufunga."

"Hakutaka vipi, na daku nimempikia mimi?"

"Alifunga kwa sababu mimi nilikudanganya!" Sauti ya Twaiba ilipasuka. "Leo alikuwa anakwenda kliniki kuulizia kufunga kizazi. Hana damu, Bibi! Sista alisema damu yake ni sita. Alisema akipata mimba nyingine, mwili wake hautahimili. Mama atakufa, Bibi!"

Mkono wa Bibi uliokuwa ukipepea ulisimama. Twaiba alifumba macho, akangoja kofi. Halikuja.

"Esha!" Bibi alipiga ukelele ambao majirani wote waliusikia. "Mwite Garama aje na tuktuk yake! Kimbia, mwanangu, kimbia!" Akavua leso yake moja, akamfunika Fauzia. Njia nzima hadi hospitalini Msambweni, Twaiba na Mishi wakiwa kando yake, alikishika kichwa cha mkaza mwanawe mapajani, asiyumbe kwenye mashimo.

Daktari alimpokea Mama haraka, akaamuru aongezwe damu. Kisha akatoka kuwaona.

"Mmefanya vyema kumleta sasa," alisema. "Mngengoja, moyo wake ungechoka. Nani aliyejua kwamba ana upungufu wa damu?"

Bibi alimsogeza Twaiba mbele.

Baba alipigiwa simu, akafika mbio, nywele zimejaa vumbi la makuti. Aliposimuliwa, alikunja uso. "Mimi ndiye mume, na mimi ndiye wa mwisho kujua?" alifoka. Alikwenda kutoa damu ya kurudishia ile aliyopewa mkewe, akarudi na pamba mkononi, akaketi kwenye benchi, kichwa chini. Saa zilipita polepole mno. Twaiba alizitazama nyufa za sakafu, akajiapiza kwamba Mama akipona hatalalamika tena kuhusu uji uliopoa wala kubeba watoto.

Magharibi ilipokaribia, waliruhusiwa kuingia. Mama alikuwa macho. Midomo yake ilikuwa na rangi kidogo.

"Kwa nini hukuniambia, Fauzia?" Baba alimuuliza. Hasira ilikuwa imemtoka.

"Ungemwambia mama."

Baba alifikiri kidogo. "Kweli," akasema. "Ningemwambia."

"Basi leo nawaambia wote wawili." Mama alijiinua kwa kiwiko. "Mimi sizai tena. Nina watoto sita, nataka niwaone wakikua. Mkinikasirikia, nikasirikieni, lakini nitakuwa hai."

Twaiba alimwona Bibi akifungua mdomo, akaogopa yatakayotoka humo.

"Boga alikuwa mume wangu," Bibi alisema. "Nimelililia jina lake miaka kumi na mitatu. Leo nimekishika kichwa chako ndani ya tuktuk, nikajiuliza, nikilipata hilo jina nami nimekuzika wewe, nitawaambia nini hawa sita? Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, na kazi hiyo hujaimaliza. Kaeni na daktari, wewe na mumeo, mwamue. Mimi sitaliuliza tena."

"Tumeshaamua," Baba alisema, akamshika Mama mkono. "Sita wametosha. Tulilobakiwa nalo ni kumuuliza daktari njia."

Mama alirudi nyumbani baada ya siku tano. Jioni hiyo Twaiba alimkuta Bibi uani akichambua mchicha, akakaa karibu naye. Kulikuwa na jambo lililomsumbua.

"Bibi, mimi niliposema mama atafunga, nilisema kweli. Mbona nasikia vibaya moyoni?"

"Kwa sababu ulijua nitaelewa vingine," Bibi alijibu. "Huo ni uongo uliovaa kanzu, mjukuu wangu. Ukiuona unaudhania mcha Mungu, lakini ni uongo uleule. Wengine hata huuamini wao wenyewe, na hapo ndipo hatari ilipo." Aliweka mchicha chini. "Lakini si wewe peke yako. Watu hawamfichi mambo mtu wasiyemwogopa. Kinywa changu kiliwatisha humu ndani, nami nilikiona ni mapenzi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na nyumba nzima tulikuwa tumeshika kifuniko."

"Na kiapo, Bibi? Nilikivunja."

"Mtu akikuapisha ufiche ugonjwa wake, kiapo hicho usikibebe peke yako. Mwambie mtu mzima mwenye kuweza kusaidia. Afadhali alaumiwe aliyesema kuliko aliliwe aliyenyamaziwa. Na kesho uende shule. Siku za kliniki pia. Mishi nitambeba mimi, mgongo ninao."

Mlango wa chumba ulisikika ukifunguliwa. Mama alikuwa amesimama hapo, amejiegemeza kwenye kizingiti. Alikuwa amesikia yote.

"Twaiba, mwanangu," alisema. "Nisamehe. Mzigo ulikuwa wangu, nikakutwika wewe."

Tangu siku ile Mama alipoanguka, Twaiba hakuwa amelia hata mara moja. Sasa aliinuka, akaenda akaufukia uso wake kifuani mwa Mama, akalia mpaka wadogo zake wote watano wakaja kutazama kuna nini.